Zoezi la Darajani

Wasafiri walimwita Bi Paji, kwa sababu kila aliyevuka daraja ilibidi amsogezee paji la uso apimwe joto. Wengine walivua kofia kabla hajawaambia. Madereva wa malori ndio waliompa taabu kwa utani. "Bi Paji, leo nina joto la mapenzi," mmoja angesema, naye akamjibu bila kuinua macho, "Hilo halina dawa hapa, pita." Alikuwa ameikalia kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba mumewe, fundi wa kuchomelea mageti pale mjini, alizoea kuulizwa na wateja, "Wewe si ndiye mume wa Bi Paji?" Alikubali bila kinyongo.

Hakuanzia mpakani. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na barua ya uhamisho ilipofika alilia, maana aliona ameteremshwa. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Kule ulikuwa unapokea watu, huku utapokea watu. Tofauti ni kwamba hawa wanakuja wamevaa nguo."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya plastiki, pazia la kijani la kumsitiri anayepimwa, na ndoo ya koki mlangoni. Kilikuwa na madirisha mawili, moja la barabarani na moja la kutazama daraja. Ng'ambo ya mto, katika nchi ya pili, kulikuwa na chumba kama hicho hicho, chenye dirisha kama hilo hilo, kwa kuwa mfadhili mmoja ndiye aliyevijenga vyote viwili kwa ramani moja. Vilitazamana kama mapacha waliolelewa na mama tofauti.

Kwenye dirisha la ng'ambo alikaa mwanamume mrefu, muuguzi kama yeye. Mwanzoni walipungiana mikono tu. Siku moja kipimajoto cha yule bwana kiliishiwa betri, akavuka kuja kuazima. Alipokuwa akizipachika alisema ana kaka yake hajaoa, mtu mpole, hana makuu. Bi Paji alimwonyesha pete. "Haidhuru," akasema yule bwana, "mimi nitakuita shemeji hivyo hivyo, mambo ya dunia hayatabiriki." Tangu siku hiyo yeye akawa Shemeji, na Bi Paji naye akawa shemeji.

Juu ya kabati la Bi Paji kulikuwa na kitabu kinene chenye bendera za nchi zote za kanda hiyo kwenye jalada. Ndio ulikuwa mkakati wa pamoja wa kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, ambao mawaziri waliutia saini wakapigwa picha. Wengi walikifuta vumbi tu kitabu hicho, lakini yeye alikuwa amekisoma, na aliona kimeandikwa na watu wenye akili. Kilisema majirani waambiane mapema. Kilisema kila kituo cha mpakani kiwe na chumba cha kutengea wagonjwa, na kwamba kila mwaka pande mbili zifanye zoezi pamoja, ili ugonjwa ukija kweli watu wasigongane vichwa.

Kilichomtatiza ni njia ya hizo habari. Kituo kiiambie wilaya, wilaya iuambie mkoa, mkoa uiambie wizara, wizara iiambie wizara ya jirani, kisha habari ishuke ngazi zile zile upande wa pili. Mto ambao kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo, habari ilibidi iuvuke kwa kupitia makao makuu ya nchi mbili. Na zoezi lenyewe lilikuwa limeahirishwa kwa ajili ya mafuta ya gari, likaahirishwa kwa ajili ya uchaguzi, likaahirishwa kwa ajili ya mvua. Chumba cha kutengea wagonjwa kilikuwepo, ila watu wa forodha walikuwa wamekijaza magodoro na baiskeli walizokamata. "Ni za muda tu," bwana forodha alisema kila alipoulizwa.

Siku moja mchana, Bi Paji akiwa amefungua bakuli lake la chakula, simu ililia. Alikuwa Shemeji. Ila siku hiyo hakumwita shemeji.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Ile hospitali ya huku kwetu mlimani. Kuna mgonjwa aliingia wiki iliyopita na homa, wakamtibu malaria. Macho yakawa mekundu, akaanza kutapika damu, akafa. Sasa wauguzi waliomhudumia wameanza nao. Vipimo vimepelekwa mji mkuu."

"Mmeshatangaza?"

"Tumeambiwa tufunge mdomo mpaka majibu yatoke. Ni wakati wa mavuno, malori yamejipanga. Wakubwa wanaogopa mkisikia mtafunga daraja, mahindi yaozee barabarani."

"Na wewe kwa nini unaniambia?"

"Wanaougua ni wauguzi, dada. Wewe ni muuguzi. Lakini hukusikia kwangu."

Simu ikakatika. Bi Paji alisogea dirishani. Ng'ambo alimwona amempa mgongo, anapima foleni yake kama kawaida, na kama si ile simu mkononi angedhani ameota.

Mawazo yake hayakwenda kwenye kitabu chenye bendera. Yalikwenda kwa mama yake. Bibi yule alikuwa ng'ambo, amekwenda kumuuguza mdogo wake aliyepasuliwa jicho. Familia yao ilikuwa nusu huku nusu kule, kama familia nyingi za hapo, na kwa mama yake lile daraja halikuwa mpaka, lilikuwa baraza tu. Bi Paji alimpigia.

"Mama, uko wapi?"

"Kwa mama yako mdogo, nitakuwa wapi tena?"

"Usitoke hapo. Usiende sokoni, usiende hospitalini, usirudi nyumbani kwanza. Kaa humo ndani mpaka nikwambie."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Kaa tu."

Aliona amefanya la maana. Mama hatatoka, na siri ya mwenzake haijavuja. Kisha akampigia mkuu wa afya wa mkoa, daktari mmoja mtulivu ambaye watu walimpenda kwa sababu alipokea simu zake mwenyewe. Alimweleza yote isipokuwa jina.

"Umeambiwa na nani?"

"Siwezi kusema, Mkuu."

"Ni mtu wa kazi au mtu wa njiani?"

"Ni mtu ambaye angekuwa na sababu zote za kunyamaza."

Mkuu alivuta pumzi. "Lisemwalo lipo. Lakini nikiandika wizarani kwamba jirani anaumwa, na jirani mwenyewe hajasema, watapigiana simu huko juu. Jirani atakana. Kesho yake ataanza kumtafuta aliyesema, na huyo mtu wako atapatikana tu."

"Najua."

"Na nikinyamaza, huo ugonjwa utavuka kwa miguu yake."

Bi Paji alimsikia Mkuu akigongagonga kalamu mezani.

"Lile zoezi la pamoja," akasema hatimaye, "si mpaka leo tunadaiwa?"

"Tunadaiwa, Mkuu."

"Basi tunalifanya kesho asubuhi. Jirani nampelekea mwaliko rasmi sasa hivi, maana mkakati unasema tufanye naye. Mwambie bwana forodha nikifika nataka chumba kile kiwe kitupu."

Bwana forodha alilalamika sana. Zoezi gani la ghafla namna hiyo, hata barua hajaiona? Mkuu, aliyekuwa amefika mwenyewe na gari limejaa mavazi ya kujikinga na madumu ya klorini, alimwambia kwa upole, "Ndugu yangu, hata ugonjwa hauandiki barua." Magodoro yakatolewa, baiskeli zikatolewa, na watu wakashangaa chumba kile kumbe kina dirisha. Kikapigwa deki, kikawekwa vitanda viwili.

Upande wa pili haukuona tatizo. Zoezi ni zoezi. Wakamtuma mtu mmoja kuwawakilisha, yule aliye karibu, na ndivyo Shemeji alivyovuka daraja mchana kweupe, ana barua mfukoni, akasimama bega kwa bega na Bi Paji mbele ya wafanyakazi wote wa kituo.

Askari mmoja kijana aliteuliwa kuwa mgonjwa. Alijiangusha chini, akatupa miguu huku na huku, akaomba asomewe wosia. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu aliwaacha wacheke, kisha akamgeukia mgeni. "Hebu tutungie huyu mgonjwa. Anaumwa nini?"

Shemeji alikohoa kidogo. "Tuseme ameanza na homa, na kichwa. Tuseme wamempa dawa ya malaria, haikusaidia. Siku chache baadaye macho yake ni mekundu."

"Tuseme ameupata wapi?" Mkuu aliuliza, kalamu mkononi.

"Tuseme alimuuguza ndugu yake. Tuseme hakuna aliyeupata kwa kukaa tu chumba kimoja naye. Wote walishika matapishi, au nguo, au walimwosha."

"Na wale waliomtibu?"

"Tuseme walivaa glavu za mkononi tu. Tuseme macho yao yalikuwa wazi."

Aliendelea hivyo kwa sauti ile ile ya darasani, tuseme hiki, tuseme kile, na Mkuu akaandika kila neno. Wengine waliona mgeni huyu anajua kutunga. Bi Paji alikuwa ameshika kingo za meza. Walipofika kwenye somo la kuvaa na kuvua mavazi, hakumruhusu mtu yeyote kuondoka mpaka arudie bila kosa, na yule askari mcheshi alimnong'oneza mwenzake kwamba mama huyu leo ameamka na mguu wa kushoto.

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, gari dogo la abiria kutoka ng'ambo lilisimama upande wa Bi Paji. Abiria mmoja, fundi wa redio wa makamo, alishushwa akiwa ameshikiliwa. Bi Paji hakuhitaji kipimajoto, macho ya yule fundi yalimtosha. Nyuma yake, akiwa na chupa ya maji mkononi na kitambaa chake cha kichwa kimelowa, alishuka mama yake.

"Amenitapikia njia nzima maskini," mama alisema. "Nilikuwa namfuta."

Bi Paji aliwageukia wenzake. "Hili si zoezi," akasema. Hakupaza sauti, lakini yule askari kijana alinyanyuka kitini kama aliyemwagiwa maji. Wakavaa. Kila mtu alikwenda mahali alipokuwa amesimama siku iliyopita. Fundi wa redio akaingizwa chumbani, njia yake ikamwagiwa dawa, abiria wengine wakapelekwa kwenye hema lililobaki uwanjani baada ya zoezi.

Bwana forodha alimwita Bi Paji pembeni, bado akiwa mbali naye kama walivyofundishwa. "Mama yako si aende nyumbani tu? Nyumba unayo, chumba anacho. Hakuna atakayesema neno."

Alimaanisha wema. Bi Paji alimwona mama yake kule hemani akitafuta pa kukaa, mguu mmoja unamuuma tangu zamani, na kwa kweli alipima jambo hilo. Alimfikiria mumewe, ambaye angemletea mama chai kitandani. Alimfikiria binti yake, ambaye hulala na bibi yake kitanda kimoja. Kisha akafikiria wale abiria wengine, ambao nao wana mama zao na watoto wao.

"Atakaa na wenzake," akasema.

Mama alipoambiwa ni wiki tatu, hakulia wala hakugomba. Aliuliza kitu kimoja, kwa utulivu uliomchoma mwanawe kuliko matusi. "Ulijua?"

"Nilisikia, mama. Haikuwa rasmi."

"Ulijua kuna ugonjwa kule, ukanipigia simu ukaniambia kaa tu."

"Nilitaka usitoke."

"Mtu akiambiwa kaa tu, hakuna kitu, anajua nyumbani kuna msiba anafichwa. Nilidhani mumeo amekufa. Nilidhani mtoto. Nilishindwa hata kula. Jana nilijikaza, leo uvumilivu umenishinda, nikapanda gari la kwanza." Alikunja mikono. "Ungeniambia kuna ugonjwa, ningekaa. Mimi si mtoto."

Baada ya hapo hakusema naye tena. Chakula alipokea, dawa ya kunawa alipokea, paji la uso alisogeza kila asubuhi na jioni kama raia mwema. Maneno alimpa mfagiaji, akampa yule askari, akawapa abiria wenzake hadithi zisizokwisha. Bi Paji akija, mama anatazama turubai.

Majibu ya vipimo yalitoka, na habari rasmi ikawasili kwa njia yake rasmi, imepanda na imeshuka, ikiwa na mihuri, ikivitaka vituo vyote vya mpakani vijiandae. Fundi wa redio alikuwa ameshafariki. Mwanamke mmoja aliyekaa naye kiti kimoja aliugua, akapelekwa hospitali ya mkoa mapema, akapona. Kule mlimani walizika watu wengi, wakiwemo wauguzi ambao Shemeji alisoma nao. Daraja halikufungwa. Kulikuwa na chumba, kulikuwa na watu wanaojua kazi, malori yakapita polepole dereva mmoja mmoja, mahindi yakafika.

Katika siku hizo Bi Paji alikuwa na wakati wa kufikiri, maana kuvua yale mavazi hakuharakishwi. Aliwaza juu ya wakubwa wa ng'ambo waliofunga watu midomo, ambao alikuwa amewachukia kwa moyo wote. Hawakuwa wabaya. Waliogopa kwamba watu wakijua watafanya vibaya. Naye alipompigia mama yake, alikuwa ameogopa kitu hicho hicho. Alikuwa amelinda siri ya mwenzake, ndiyo, na hilo hakulijutia. Lakini kulikuwa na maneno mengine ambayo angeweza kuyasema bila kumtaja mtu, na hakuyatafuta, kwa kuwa kuamuru ni rahisi kuliko kueleza.

Siku ya kutoka, mama alikunja blanketi lake vizuri, akawaaga wenzake kwa kuwakumbatia, akatembea mpaka nyumbani bila kungoja pikipiki. Usiku huo walikula kimya. Mumewe Bi Paji alijaribu mzaha wake mmoja, ukaanguka chini kama sahani. Mama ndiye aliyevunja ukimya, akiwa anaosha mikono. "Yule fundi wa redio alikuwa akitaka kuongea. Aliogopa sana. Ulikaa naye?"

"Nilikaa naye, mama. Mpaka mwisho."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi," akasema, na akamwomba mjukuu wake amletee taulo. Haukuwa msamaha kamili, ila kesho yake mwanawe alipomwamkia, aliitikia kama zamani.

Lililobaki lilikuja polepole. Mtu fulani, katika ofisi fulani ya ng'ambo, alisoma taarifa ya lile zoezi na akajiuliza imekuwaje mgonjwa wa kutunga afanane na wagonjwa wa mlimani kabla ya tangazo lolote. Shemeji aliitwa. Hakukana. Hawakumfukuza, kwa sababu wakati huo kila mtu alikuwa akisifu jinsi daraja lilivyosimama imara, lakini walimhamishia bohari ya dawa, mbali na mpaka. Dirishani pake aliletwa msichana aliyetoka chuoni.

Nchi za kanda zilipokutana kuupitia mkakati upya, Mkuu alisimama akaomba kiongezwe kifungu kimoja: vituo vinavyotazamana viongee moja kwa moja kila asubuhi, bila kuomba ruhusa ya mtu. Walibishana sana. Wengine walisema habari zisizothibitishwa zitaleta hofu. Hatimaye kikapita, kwa masharti mengi, na Bi Paji akatakiwa azunguke vituo vingine akawafundishe wenzake namna ya kukitumia.

Kabla hajaanza safari hizo alikwenda bohari kumwona Shemeji. Alimkuta kati ya makatoni, amevaa koti la kijivu, amekonda kidogo. Walikaa juu ya makreti matupu wakatafuna karanga.

"Mke wangu bado ananuna," alisema. "Nyumba ya kazi tumeiacha, watoto wamebadili shule. Ananiambia, ushujaa wako umetuleta huku."

"Na wewe unasemaje?"

"Ningepiga simu tena. Lakini usinifanye shujaa, shemeji. Siku ile baada ya kukupigia nilimtazama kila mkubwa aliyepita nikidhani amekuja kunikamata."

Bi Paji alimweleza kuhusu mafunzo. Alitaka kuisimulia habari ile ilivyokuwa, na alitaka kulitaja jina lake, ili angalau watu wajue.

"Hapana," Shemeji alisema. "Sema mwenzangu wa ng'ambo. Wakisikia jina, watasema alikuwa mtu wa pekee, sisi tusingeweza. Wakisikia mwenzangu, kila mmoja atamwona aliye dirishani kwake."

Bi Paji alikubali, ingawa hakuridhika, na hata leo haridhiki. Aliuliza kama anaweza kuzungumza na mkewe. Shemeji alisema labda mwakani.

Lori liliingia uani, limebeba maji ya dripu. Shemeji alijipangusa maganda ya karanga, akaenda kufungua milango. Wapakuaji walikuwa wawili tu siku hiyo. Bi Paji alitazama saa, basi lake lilikuwa bado, akavua sweta, akajipanga nao kwenye mstari, wakapokezana makatoni mpaka lori likabaki tupu.